Shangazi Anajibu: Umetema wewe, wamo ndugu zako wote

Wiki tatu nyuma niligusia hapa kwa mistari miwili tu habari ya hivi vipimo vya DNA vya kujipima nyumbani, vile vya kuagiza onlaini, unatema mate kwenye kichupa, unaposta, unakaa kusubiri asilimia zako. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja za Mombasa, za Dar, za Muscat, za Marekani, hadi za Ufaransa, na nyingi zina hofu ndani yake. Nimechagua saba. Majina nimeyaondoa yote, hata ya wale walioniambia niyaweke, maana kwenye kila barua kuna mtu mwingine ametajwa ambaye hajui kama ametajwa.

Shangazi shikamoo. Mimi mwanao wa Tanga, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. 2021 kipindi cha ofa nilinunua kipimo cha 23andMe nikatema nikatuma. Baadaye nikasikia kampuni imefilisika imeuzwa. Ina maana na mimi nimeuzwa? Kaka yangu ananiambia nimeiuza familia nzima kwa dola mia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, pole. Nianze na hilo la kuuzwa. Kampuni ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika tarehe 23 Machi 2025, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 15, na wewe umo. Kampuni nyingine ikifilisika wanauza majengo na magari, hawa mali yao kubwa ilikuwa data zenu. Ukaitishwa mnada, kwanza kampuni ya dawa ya Regeneron ikashinda kwa dola milioni 256, halafu Anne Wojcicki, mmoja wa walioianzisha, akarudi na taasisi yake isiyo ya faida inaitwa TTAM akapanda hadi milioni 305, na mwezi wa saba ikawa yake. Katikati hapo majimbo zaidi ya 20 ya huko kwenu yalikwenda mahakamani kupinga data zihamishwe bila kila mteja kuulizwa, na mwanasheria mkuu wa California alishawaambia watu tangu mwezi uleule wa tatu, nendeni mkafute. Kwa hiyo ndiyo, data zako zimetoka mkono mmoja zimeingia mwingine, ingawa mnunuzi ameahidi kushika masharti yaleyale ya faragha.

Ila mimi kufilisika siyo kunakoniumiza kichwa zaidi. Kinachoniumiza ni kilichotokea 2023. Mwezi wa kumi mwaka huo ilijulikana kuna wadukuzi wamechukua paswedi za watu zilizovuja kwenye saiti nyingine wakaja kuzijaribu huku, na si unajua sisi tunavyotumia paswedi moja kila mahali, basi zikafunguka akaunti kama 14,000. Ni chache ukilinganisha na mamilioni ya wateja. Lakini wateja wengi walikuwa wamewasha kile kipengele cha kutafuta ndugu, ambacho kinakuonyesha jina la ndugu yako wa damu, kiasi cha DNA mnachochangia, na mara nyingine mwaka wake wa kuzaliwa na mahali anapoishi, kwa hiyo kupitia milango hiyo 14,000 wakachota habari za watu milioni 6.9. Isome tena hiyo hesabu mwanangu. Wengi sana wa hao paswedi zao zilikuwa salama kabisa, hawakukosea kitu, walichotewa kupitia ndugu. Na listi za kwanza zilizotupwa sokoni mtandaoni zilipangwa kwa asili, Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya, huku, watu wenye asili ya China kule. Sisi tuliokulia pande hizi za Maziwa Makuu na pwani tunajua vizuri listi ya watu iliyopangwa kwa asili inaweza kufanya nini ikiingia mikono mibaya, sihitaji kueleza. Uingereza waliipiga kampuni faini ya pauni milioni 2.31 mwezi wa sita 2025 kwa uzembe huo.

Sasa kaka yako. Neno lake kali, na kwenye pesa kakuonea, ila kwenye damu hajakosea. Wewe na yeye mnachangia karibu nusu ya vinasaba, kwa hiyo nusu yake iko kule tayari na hajawahi hata kukishika kile kichupa. Binamu zenu wa kwanza wako kule kwa asilimia 12 na nusu. Ndiyo maana mimi kila siku nasema haya mate siyo yako peke yako, ni ya ukoo, na kitu cha ukoo huwa tunakaa tunaulizana.

Kuna watakaosema mimi sina siri wala sijaua mtu. Sawa. Mwaka 2018 huko California walimkamata Joseph DeAngelo, polisi wa zamani, kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 70 na 80, na hakuwahi kupima kokote, waliopima ni ndugu zake wa mbali ambao data zao zilikuwa kwenye saiti ya GEDmatch, ambako watu huweka DNA zao kutafuta ndugu, wapelelezi wakapanda mti wa ukoo tawi kwa tawi mpaka wakamfikia. Nilifurahi alivyokamatwa, wale wanawake walisubiri haki miaka 40. Lakini njia iliyomfikia yeye inamfikia mtu yeyote, na hao ndugu hawakuulizwa kama wanakubali. Baada ya hapo GEDmatch ikaweka utaratibu kwamba lazima wewe mwenyewe ukubali kwanza ndiyo polisi walinganishe.

Cha kufanya. Ingia kwenye akaunti yako, kama unataka kubaki na ripoti zako zidownload kwanza uzihifadhi mahali pako, kisha nenda kwenye setingi, tafuta sehemu ya data zako, shuka mpaka chini kwenye kufuta moja kwa moja, watakutumia imeili, lazima uifungue uthibitishe, wengi wanaishia nusu hapo wakidhani wameshafuta. Hukohuko ondoa ruhusa ya utafiti, na agiza sampuli yako ya mate iharibiwe, maana kama ulikubali ihifadhiwe bado iko kwenye friza ya watu. Ujue pia kwamba utafiti uliokwisha kufanyika na data zako haurudishwi nyuma, na maabara hubaki na baadhi ya kumbukumbu kwa sababu sheria inawataka. Hizi kampuni si hospitali, ile sheria ya Marekani ya siri za mgonjwa haiwahusu. Iko sheria nyingine ya 2008 inayokataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa vinasaba, lakini bima ya maisha haimo, kwa hiyo kama unafikiria kukata bima ya maisha hapo baadaye, ndiyo sababu nyingine ya kufuta leo.

Assalaam alaykum bi shangazi. Mimi kijana wa Lamu. Babu anasema sisi Washirazi, ami yangu anasema Waarabu wa Hadhramaut, kazini wananiambia Mswahili hana asili. Rafiki yangu wa Dubai atanitumia boksi la kupima. Nipime tumalize ubishi?

Waalaykum salaam mwanangu. Ubishi hautaisha, lakini ngoja nikupe kitu kizuri zaidi ya lile boksi, na ni bure.

Mwezi wa tatu 2023 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature, mmoja wa wakuu wake ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, mtu aliyechimba magofu ya pwani yetu miaka mingi. Walisoma DNA ya mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani, Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, watu wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta nini. Wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba ni vya Kiafrika, na vimekuja zaidi kupitia kina mama. Upande wa Asia umekuja zaidi kupitia wanaume, na kabla ya miaka ya 1500 hivi ulikuwa hasa wa Uajemi na kidogo wa Bara Hindi, kisha baada ya hapo ndiyo Uarabuni ukazidi kuonekana. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo babu yako hakutunga, ami yako pia hakutunga, huenda kila mmoja anasimulia karne yake! Na yule anayekwambia Mswahili hana asili mwambie bibi zako walikuwa hapahapa wakati majumba ya mawe yanajengwa, na lugha waliyowalea nayo watoto wao ndiyo hii tunayoandikiana. Mimi niliposoma ile habari nililia, sioni haya kusema.

Lile boksi sasa. Kampuni haikuangalii wewe peke yako, inakulinganisha na makundi ya watu waliokwisha kupima ambao asili yao inajulikana, na kwenye makundi hayo Wazungu ni wengi na sisi wa Afrika Mashariki wachache, kwa hiyo Mpokomo, Mgiriama na Mbajuni wanaweza kumiminwa kwenye kapu moja kubwa limeandikwa tu Afrika Mashariki. Wakiongeza watu kwenye makundi yao asilimia zako zinabadilika, mate yaleyale, mtu yuleyule. Halafu ile sehemu ya ukoo wa kiume inamfuata baba wa baba wa baba tu, ukienda vizazi 10 nyuma huyo ni mmoja kati ya watu 1,024 wa kizazi hicho kwenye mti wako. Wale 1,023 hawatajwi.

Ukitaka kupima sitakukataza, ushakuwa mtu mzima. Tumia imeili mpya, paswedi isiyotumika popote, usiandike jina lako kamili, usiwashe sehemu ya kutafuta ndugu, na mwambie babu kwanza. Sheria ya data ya Kenya ya 2019 inahesabu vinasaba kuwa data nyeti, lakini ukishatuma mate yako kwa kampuni ya nje kuwafuatilia ni safari ndefu. Na kabla ya yote, leo baada ya alasiri kaa na babu, weka simu yako irekodi, muulize jina la mama yake, na mama wa mama yake, alizaliwa mtaa gani. Hayo hakuna maabara itakayokupa.

Shangazi, mimi baba wa watoto wawili Dar. Wa pili simuelewi, kila mtu anasema hafanani na mimi. Nimeona mtandaoni kuna vipimo vya baba na mtoto, unachukua ute wa shavuni unatuma nje, mama yake asijue. Unanishauri?

Hapana kaka, na hapa sizunguki.

Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, sampuli za watu hazichukuliwi kiholela wala hazisafirishwi nje kiholela, na anayesimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi ya kipimo cha baba yanapitia kwenye njia zake, mahakama, ustawi wa jamii, wakili. Watu wanaona ni usumbufu, mimi naona ina maana yake, kuna mtu atakaa na nyie kabla na baada ya majibu. Ukimvizia mtoto amelala ukamfuta shavu lake kwa kijiti ukaposta, umechukua kitu cha mwili wake bila mwenye kumsemea kukubali, na hata majibu yakija mahakamani hayana nguvu, maana nani atathibitisha lile shavu lilikuwa la nani?

Kuhusu kufanana, mtoto anaweza kuruka kwa babu wa mama yake. Kama wasiwasi umekujaa nenda ustawi wa jamii wa wilaya yako, sema ukweli. Na usimwangalie yule mtoto kwa jicho la kumpima wakati mnakula, watoto wanaliona.

Bi shangazi, niko Lyon. Nikiagiza hiki kipimo kuna tatizo?

Lipo mdogo wangu. Ufaransa kupima vinasaba kwa udadisi tu hairuhusiwi, lazima iwe kwa daktari, mahakama au utafiti, na mnunuzi mwenyewe anaweza kupigwa faini hadi euro 3,750. Wengi wanaagiza kupitia nchi jirani, najua. Mimi sikushauri.

Shangazi habari. Mimi ni wa Nakuru, nafanya kazi ya uangalizi wa wazee Leeds. Mama alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 44, na mama yake mkubwa hivyohivyo. Mwaka jana nilijipima nyumbani, ripoti ikasema haijapata yale mabadiliko ya BRCA, zile jini mbili zinazohusishwa na saratani ya matiti. Nikashukuru Mungu. Lakini juzi nesi mwenzangu ameniambia nisiitegemee. Ni kweli?

Ni kweli dada yangu, na mshukuru huyo nesi.

Hili ndilo linalonitia uchungu kuliko yote kwenye barua za leo, kwa hiyo nisome taratibu. Kipimo cha 23andMe kiliporuhusiwa Marekani 2018 kutoa ripoti ya BRCA kilikuwa kinaangalia mabadiliko matatu tu, na hayo matatu ni yale yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Baadaye waliongeza, lakini yanayojulikana kuleta hatari kwenye hizo jini mbili ni maelfu. Kwa mwanamke wa Nakuru kuambiwa huna yale matatu ni kama umepoteza funguo nyumbani, mtu akaangalia chini ya mto mmoja akakuambia hazipo. Haijasema huna. Imesema hatukuangalia. Na mtu aliyezika mama yake akisoma haijapatikana, anapumua.

Nenda kwa daktari wako wa mtaa huko Leeds, mwambie mama miaka 44, mama yake mkubwa pia, tumia maneno hayohayo, umuombe akupeleke kliniki ya vinasaba ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko. Pale wanasoma jini nzima, hulipi, na kuna mtu kazi yake ni kukaa na wewe kukueleza. Andika kwenye karatasi nani kwenu aliugua nini na akiwa na miaka mingapi, mpaka shangazi zako. Usiache kujipapasa na usikose kwenda wakikuita.

Na upande wa pili tahadhari ileile. Wapo wanaochukua faili ghafi la data zao wanaliingiza kwenye saiti nyingine za kutafsiri, wanarudishiwa magonjwa ya kutisha. Maabara moja Marekani ilirudia kupima yale mabadiliko ambayo watu waliletewa kwa njia hiyo, ikakuta asilimia 40 hayapo kabisa, na hiyo iliandikwa 2018. Kwa hiyo usitoe titi wala usifute wasiwasi kwa karatasi ya kuposta.

Nisionekane nachukia kila kitu. Faida ipo. Kuna watu wamejua kupitia hivi vipimo kwamba wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao kwetu pwani na sehemu za malaria siyo mgeni, na ukiujua daktari anakuwa makini kukupa dawa kama primakwini ya malaria. Wengine wamejua wamebeba selimundu, na mkikutana wawili mliobeba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Ila hivyo viwili hospitali ya kawaida wanapima kwa damu kidogo, bei ndogo, majibu yanabaki kwenye faili lako, hayaendi mnadani.

Mama Shangazi, jambo sana. Mimi mutu wa Uvira, niliishi Nyarugusu myaka mingi, sasa niko Texas. Batoto wangu batatu balibakia kambini na bibi yao. Rafiki ananiambia ninunue ile DNA ya bei kidogo, niwatumie na wao, ubalozi uone ni wangu. Mumoja ni wa dada yangu marehemu, lakini mimi njo nilimulea toka kidogo.

Jambo sana baba, na Mungu akutunzie hao watatu.

Usinunue. Kile kipimo cha nyumbani ubalozi wa Marekani haukiangalii hata kidogo, kwa sababu hakuna anayejua mate yaliingizwa na nani. Wanachokubali ni maabara yenye kibali cha AABB, chama cha Marekani kinachothibitisha maabara, na utaratibu ni huu: wewe unatoa ute wa shavuni huko Texas mbele ya mtu wao, watoto wanachukuliwa huku mbele ya ubalozi au daktari wao, sampuli hazipiti mkononi mwako wala mwa ndugu, majibu maabara inayatuma yenyewe, na lazima yafike uhakika wa asilimia 99.5. Gharama ni yako. Subiri ubalozi wenyewe ukupendekezee, usiwatangulie ukalipa mara mbili.

Sasa mtoto wa dada yako, na hapa nakuomba baba unisikie sana. Ni mtoto wako, umemlea, hakuna wa kukunyang'anya neno hilo. Lakini ukimwandika kwenye fomu kama uliyemzaa, DNA itasema si wewe, na hapo wanaweza kushuku na wale wawili. Mwaka 2008 Marekani walijaribisha kupima familia za wakimbizi pale Nairobi, familia zilizothibitika zote kwa damu zikawa chache mno, wakafunga mlango wa kuunganisha familia mpaka 2012. Ndani ya hizo familia walikuwemo waliodanganya, lakini walikuwemo na watu kama wewe, waliookota watoto wa ndugu waliouawa wakawaita wanangu, na kwetu huo siyo uongo. Mashine haijui habari hiyo. Wewe ndiye wa kuieleza, mapema, kwa maandishi: huyu ni mtoto wa dada yangu, mama yake alifariki mwaka fulani, nimemlea tangu ana umri fulani, karatasi za kambi hizi hapa. Tafuta wakili wa uhamiaji au shirika lililokupokea, wengi hawatozi. Na kama hujapeleka maombi ya watoto ya fomu I-730 angalia tarehe uliyoingia, kawaida ni ndani ya miaka miwili.

Shangazi shikamoo. Mimi Mzanzibari wa Muscat, nina miaka 45, wazee wote walikuja huku baada ya 64. Nilipima kwa udadisi. Kwenye listi ya ndugu, juu kabisa, katokea mwanamke amezaliwa 1963, yuko Unguja, asilimia 24, wameandika tunachangia mzazi mmoja. Baba ana miaka 83, moyo mbovu. Mama yupo. Huyo mwanamke kaniandikia mara mbili na sijamjibu. Silali. Baba alikuwa na mtoto akamwacha?

Marahaba mwanangu. Vuta pumzi kwanza, maana umeshamhukumu baba na ushahidi haujafika.

Asilimia 24, 25 ni ya ndugu wa mzazi mmoja, kweli. Lakini ni ya shangazi pia. Ni ya mama mdogo. Ni ya bibi na mjukuu. Kompyuta imekisia tu ikachagua jina moja. Huyo amekuzidi miaka karibu 17 au 18, kwa hiyo anaweza kabisa kuwa mdogo wa mama yako, tumbo moja baba mmoja, au dada wa baba yako. Alizaliwa 1963, mapinduzi Januari 1964, fikiria mwenyewe usiku ule, watu wanapanda majahazi na meli bila mizigo, mtoto mchanga mgonjwa kaachwa kwa jirani kwa siku mbili ambazo zimekuwa miaka 60. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hata hilo linatoa asilimia 24. Kama wewe ni mwanamke na ripoti yenu inaonyesha kromosomu ya X, iangalie: watoto wawili wa kike wa baba mmoja lazima wachangie X moja nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu baba anayo moja tu na anawapa wote ileile. Ikiwa imekatikakatika, basi siyo mtoto wa baba yako.

Nikwambie na langu. Mwaka 2019 nilikuwa Uingereza kwa binti yangu, akaniletea lile boksi. Nusu saa hakuna kula wala chai, kisha nikakaa jikoni natema kwenye kichupa mpaka mate yafike kwenye mstari, povu halihesabiwi, nikafunga kifuniko ile dawa ya bluu ikashuka, nikabandika namba. Sikumuuliza mtu. Baada ya mwaka kuna binti kaniandikia, asilimia 12, ananiita bibi, anatafuta babu yake. Nilifurahi mno. Usiku huohuo nikampa majina ya kaka zangu wote na namba zao. Kesho yake akampigia kaka yangu mmoja, na simu ilipokelewa na mke wake. Yule binti alikuwa mjukuu wake kweli, wa damu, na kaka alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alikaa mwaka mzima hasemi na mimi, na haki alikuwa nayo, siri ilikuwa yake na mimi ndiye niliyeifungua mbele ya mkewe. Leo huyo mjukuu anakuja kila Idi na wifi yangu ndiye anayempikia, lakini ule mwaka sijausahau.

Kwa hiyo wewe usifanye haraka yangu. Baba usimguse sasa hivi, na moyo wake ule. Anza na mama, na usimwonyeshe simu. Siku mko wawili tu, mnachambua mchele, muulize mlipoondoka Unguja mlikuwa watoto wangapi kwenu, na nani alibaki. Kisha unyamaze umwache.

Ila usimwache yule mwanamke kwenye kimya. Ana miaka 60 na kitu, kaandika mara mbili, na hakuna anayeandika mara ya pili kwa mgeni bila ya kuwa na jambo linalomla. Mwandikie leo, maneno machache, bila jina la baba wala la mama: "Dada, nimeona barua zako zote mbili. Na mimi sijui bado tunahusianaje, na kwangu kuna wazee wagonjwa, nipe muda. Niambie ulilelewa na nani, mtaa gani, na ulipewa jina hilo na nani. Nitakujibu."

Halafu umjibu kweli.